Kisu cha Mume wa Bibi wa Mogitu

Leo nimemharibia bibi wa watu kumbukumbu yake, tena nikidhani nimetengeneza.

Mnajua huwa nanunua visu vya kukunja vilivyochakaa mnadani Katesh, nasugua kutu, natia mafuta. Tangu nibaki peke yangu hapa Endasak, ndicho kinachonishughulisha.

Basi leo amekuja bibi mmoja na bodaboda, kutoka Mogitu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Nasikia una kisu chenye mpini wa pembe. Kilikuwa cha mume wangu. Watoto walikiuza baada ya mazishi."

Nikamwambia akichukue, ni chake.

"Hapana, mwanangu. Nataka kukisikia tu. Kila jioni alikuwa akikifunga, ta! Ndipo najua amerudi."

Nikakifunga.

Kimya kabisa. Springi ya zamani, ile iliyokuwa ikilia, niliitupa nilipokitengeneza, nikaweka laini.

Akajaribu mwenyewe mara tatu.

"Umekitengeneza vizuri," akasema, akakirudisha mkononi mwangu. Akapanda bodaboda.

Jamani, hata chai sikumkaribisha. Na ndiye mgeni wangu wa kwanza tangu mavuno.

Ningemwambia nini? Niandikieni chochote, nitasoma vyote.