Mwalimu Fergus Autaka Mstari wa Mwisho

Usiku ule nililala roho juu, maana kesho yake nilikuwa naingia jukwaani kwa mara ya kwanza bila kuchekesha. Mimi ni Saida, na hapa Mombasa watu wakiniona sokoni tu wanaanza kucheka, kabla sijagusa hata nyanya. Safari hii nilipewa kuwa mama anayemzika mwanawe. Niliogopa watanicheka na maiti iko mbele yangu. Basi nikajipangia kimyakimya: wakianza tu, najikwaa, naanguka kifudifudi, nageuza yote mzaha, aibu inipite. Sikumwambia mtu.

Nikaota niko ukumbini mchana, viti vitupu, na Mwalimu Fergus ameketi mbele anajipangusa poda usoni. Huyu alikuwa Mskoti, mwigizaji mwenye jina kwao Glasgow. Nusu ya maisha yake alichekesha, kila Krismasi akivaa gauni na nywele za bandia kuigiza bibi kizee, watoto wakivunjika mbavu. Nusu ya pili akaigiza wafalme na mababa wenye majonzi, watu wakalia. Uzeeni akahamia kwetu, akatufundisha kuigiza. Tulikuwa tumeshamzika. Mimi mwenyewe nilipika kwenye matanga yake.

"Saida," akasema, "nisemee mstari wa mwisho wa mchezo."

Hapo nikashtuka. Yeye ndiye aliyetuletea mwiko huo kutoka kwao: mstari wa mwisho hausemwi kwenye mazoezi hata siku moja, unatamkwa mara ya kwanza mbele ya watazamaji. Sisi tukifika pale tunapiga makofi tu, tunakwenda zetu. Aliwahi kumtoa mwenzetu nje kwa kuuropoka. Leo yeye ndiye anautaka? Nikajisemea, huyu si Mwalimu. Hili ni jini limevaa sura yake, limekuja kuniharibia kazi.

"Pandisha suruali nione miguu," nikamwambia. Jini hata ajipambe vipi, kwato hazifichi.

Anaipandisha taratibu, kwa madaha, mfano wa bibi harusi anayeonyesha hina, huku amenirembulia macho. Soksi moja nyekundu, nyingine ya kijani, na miguu ya binadamu ndani yake. Nikacheka, halafu nikajikasirikia. Ala! Si ndivyo wanavyokuteka?

Sasa hatuko ukumbini tena. Tuko jikoni kwangu, anamenya kitunguu, na bado simwamini hata chembe. Nikamuuliza swali ambalo hakuwahi kulijibu sawasawa akiwa hai: kwa nini aliacha kuchekesha? Kila tukimuuliza alitoa sababu mpya, mara goti, mara nywele za bandia zinamwasha, mara mbwa wa jirani. Nikasema moyoni, huyu akinipa jibu la kueleweka, basi ni mwongo.

Hakunitazama. "Siku nilipomzika mke wangu," akasema, "nilisimama kuzungumza. Wakacheka. Hawakuwa watu wabaya, Saida. Walidhani naanza vichekesho."

Ukuta wa jiko haupo. Mvua inanyesha, mvua ya kwao, nyembamba na ya baridi, na watu wenye makoti meusi wamejaa kando ya kaburi. Fergus amesimama mbele yao, kofia mkononi, mdomo unamtetemeka, nao wanacheka. Na mimi, Mungu anisamehe, nimo miongoni mwao, nacheka mpaka machozi yananitoka. Anatetemesha mdomo vizuri mno! Nataka kuacha, siwezi. Namwonea huruma, na bado nacheka.

Kisha ni mimi niliyesimama pale mbele, na buibui langu, kaburi miguuni, na yeye ndiye anayetazama.

"Sema sasa," ananiambia. "Kesho mimi sitaingia pale ukumbini."

Loo, iliniuma! Kumbe mzee wa watu alitaka kusikia tu. Au hiyo ndiyo hila yenyewe? Hata hapo sikuwa na hakika. Nikausema, kwa sauti ndogo: "Mfunikeni vizuri. Huyu hapendi baridi."

Wenye makoti wakaangua kicheko. Mguu wangu ukaanza wenyewe kujikwaa, kama nilivyoupangia. Fergus akanidaka kiwiko, na mkono wake ulikuwa mzito, una joto.

"Wakicheka," akasema, "usiwasaidie."

Nikaamka. Kumeshakucha, jua liko dirishani, na Athumani, mume wangu, ananitikisa bega, anasema nimeongea sana usingizini. Bado nilikuwa namshuku yule mzee. Mtu aliyetudanganya miaka yote kuhusu goti, nije kumwamini ameshakufa? Nikaketi kitandani nikamwambia mume wangu, "Nilikuwa namzika mtoto."

Athumani akacheka. Hakungoja hata nimalize, ndiyo tabia yake, ndiyo tabia ya mji mzima. Ulimi uliniwasha nimpe neno la kunogesha, nikunje uso, nijirushe chini na shuka. Sikumpa kitu. Nilimtazama tu.

Akacheka tena kidogo, peke yake. Kisha kicheko kikamwishia. Akanishika mkono, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Saida, nani amefariki?"