Bomba Lililotelemka Kilindini

Nilifika Kalemie nikitoka Pepa, nilikochunga ng'ombe, na kabla ya hapo nilichimba madini huko Manono. Shule niliiacha mapema, kuuliza sikuacha. Niliposikia wanatafuta watu wa kuondoa bomba la zamani la mafuta chini ya ziwa, nilijiandikisha kabla ya kujua mshahara.

Bomba lilianzia bandarini, likafuata mteremko hadi kwenye maji marefu, ambako zamani meli zilitia nanga na kupakua mafuta. Lilikwisha kuoshwa. Ilibaki kulikata na kupandisha vipande. Juu ya tishari, mimi nilishika kamba ya mzamiaji, mwanaume wa Zongwe asiyeisha utani.

Asubuhi kukawa na ubishi: tukate wapi kwanza? Kapita wetu, msimamizi wa kazi aliyekulia kwenye mitumbwi, akaumaliza.

"Mashua inafunguliwaka inchi kwanza. Tuanzie ku inchi kavu."

Tulikubali wote. Hakuna aliyekumbuka kwamba mashua huelea.

Mzamiaji akashuka na msumeno. Bomba lilipokatika, uzito wote uliokuwa umeshikiliwa na upande wa nchi kavu ukaanza kuserereka kuelekea kilindini. Kamba ikakimbia mikononi mwangu.

"Vuta! Muvute muntu!" kapita akapiga kelele.

Nikavuta. Ilikuwa kama kuvuta mwamba. Kamba ilikuwa imejizungusha kwenye ncha ya bomba, na mpira wa hewa wa mzamiaji ulikaza hadi ukatetemeka. Nikakumbuka ndama aliyetumbukia korongoni Pepa na kamba shingoni: kadiri tulivyovuta ndivyo alivyokabwa.

Nikalegeza.

"Unamuua, weye! Unamuua!" kapita akanifokea.

Kamba ikaniunguza viganja ikienda. Mara ikasimama. Mapovu yakapanda, yakapungua. Kisha nikahisi mvuto mfupi kutoka chini, mvuto wa mkono wa mtu. Safari hii nilipovuta, alikuja.

Tulimlaza juu ya mbao. Damu ilimtoka puani, akakohoa maji mengi.

"Nani aliniachia kamba?"

Kapita akaninyooshea kidole, bado amekasirika.

"Kitanzi cha kamba kilichomoka ku bomba pale pale kilipolegea," mzamiaji akasema. "Mungevuta tena, Papa Kapita, mungepandisha mukono wangu tu."

Kapita akakaa juu ya pipa. Chini yetu bomba lilikwisha potea.

"Kesho tunaanzia ku kilindi," akasema polepole.

"Kesho unazama weye," mzamiaji akajibu. "Na kamba ashike huyu muchunga ng'ombe."