Aliniambia Nisimpite

Kabla sijaanza, naomba usiniambie kwamba nilikuwa na njaa, au kwamba ukungu humchezea mtu macho. Hayo yote nimeshajiambia mwenyewe, tena kwa sauti, nikiwa nyuma ya kaunta ya duka la dawa ninakofanya kazi pale Keroka, mpaka mteja akaniuliza kama nilikuwa naongea naye. Yalinitokea mimi, saa kumi alasiri, nikiwa na akili zangu timamu na baiskeli mkononi.

Mimi ni mzaliwa wa Ogembo, lakini nimeolewa upande wa Nyamira, kijiji kilicho chini ya ukingo wa Manga. Jumamosi mama mkwe hataki mtu aguse hata jembe. Ni kanisa tu. Jumapili ni yangu. Navaa kofia yangu ngumu, nachukua baiskeli ya gia, napanda. Mume wangu, Ombati, hushangaa mtu aliyesimama kazini wiki nzima anatafuta nini mlimani. Natafuta kupumua. Nikifika juu nikaona migomba na majani chai yote kule chini, na siku ya anga safi hata ziwa linang'aa kwa mbali, wiki yote inanitoka mwilini. Siwezi kukaa kitako, ndivyo nilivyoumbwa, na ndicho kilichoniponza.

Nikueleze chinsoni ndipo utanielewa. Ni ile heshima yetu Wakisii kati ya wakwe. Baba mkwe haingii nyumbani mwa mwanawe. Mkaza mwana hampi mkono wala hamkazii macho. Wakikutana njiani, mmoja anapisha na kutazama kando. Watu wa mjini wameanza kuisahau. Mimi nilikuwa naicheka hadharani, kwa kuwa sikuwa na baba mkwe wa kumwonea haya.

Baba yake Ombati alitoweka miaka kumi na mitano kabla sijaolewa. Alipanda ukingoni kumtafuta ndama aliyepotea, akiwa na shati na gambuti, koti akaliacha kwenye msumari. Ndama alirudi mwenyewe jioni ile. Yeye hajarudi mpaka leo. Ndugu zake walitaka mara mbili ifanywe ibada ya mwisho, yaishe. Mama mkwe, ambaye namwita Mama, akawauliza, "Mtazika nini? Koti?" Koti bado liko pale pale. Na mlango wa Mama haujatiwa komeo tangu siku hiyo, ili mtu akirudi asikute kumefungwa. Upepo unausukuma usiku kucha, baridi ya Manga inaingia mpaka kitandani. Ameshaibiwa redio na kuku watatu. Kifua chake kimeharibika, na daktari alituambia wazi kwamba baridi ile itammaliza. Tumembembeleza mpaka tumechoka.

Basi Jumapili hiyo mvua ya mawe ilinikuta juu. Ilipopungua, ukungu ukashuka mzito, hata usukani wangu sikuuona vizuri. Mtu mwenye busara angengoja. Mimi nikakata kwenye kijia cha ng'ombe ili niwahi barabara. Hatua chache tu nikatumbukia kwenye mfereji, gurudumu la mbele likapinda kama chapati. Nikasimama na goti linatoka damu, nikaanza kuikokota baiskeli, nikilaani kila kitu.

"Wewe mama, usiende huko. Huko imekatika."

Mbele yangu kulikuwa na mwanamume amenipa mgongo. Sikumsikia akija. Nikafurahi, niamini, wala sikuogopa hata kidogo.

"Mzee, shikamoo. Nisaidie. Nipe mkono nitoke hapa kwa matope."

"Mkono hapana," akasema bila kugeuka. "Shika hiyo baiskeli kwa kiti. Mimi nitashika mbele. Na usinipite."

Akarudi kinyumenyume, akanyoosha mikono nyuma yake, akakamata usukani na kuliinua gurudumu bovu kutoka ardhini. Tukaanza kushuka hivyo, yeye mbele, baiskeli katikati, mimi nyuma. Umewahi kuona mtu akibeba mzigo namna hiyo? Niliona ni mzee mwenye maringo yake. Nikamtania kwamba hata mgonjwa wangu wa upele nampa mkono. Hakucheka.

Nilikuwa nimelowa mpaka mifupa. Baada ya muda nikagundua kwamba shati lake lilikuwa kavu.

Nikajiambia labda alijikinga mahali. Tukaendelea. Tulipofika kwenye mikaratusi, nikasikia pikipiki zikipita barabarani, nikajua nimepona. Hapo akasimama.

"Mama Kemunto, ukifika nyumbani, ambia mama yako afunge mlango sasa."

Kemunto ni binti yangu. Ana miaka sita. Sikuwa nimemtajia mtu huyo jina lolote.

"Mlango gani? Wewe ni nani?"

"Wewe ambia yeye tu hivyo. Afunge."

Ningesema ndiyo. Ndilo jambo pekee lililotakiwa kwangu, kusema ndiyo, kuchukua baiskeli yangu na kwenda. Lakini mimi ni mtu wa kutaka kujua, na nilikuwa nimechoka kuongea na mgongo. Nikaachilia kiti, nikamzunguka mbio, nikasimama mbele yake. Akageukia kushoto. Nikahamia kushoto. Akageukia kulia, nami nikamfuata huko huko, kwa kicheko kabisa, na nikamshika mkono wa shati ili atulie.

Nikamwona. Ilikuwa sura iliyo kwenye picha ya ukutani kwa Mama, kovu juu ya jicho la kushoto, hajazeeka hata siku moja. Alikuwa rika la Ombati wa leo. Aliachia usukani, gurudumu likagonga chini, akajifunika uso kwa viganja viwili.

"Mwanangu," akasema, "umenitia soni."

Sauti ile sijui nikuelezee vipi. Haikuwa ya hasira, na afadhali ingekuwa. Nilifumba macho kwa aibu, na nilipoyafumbua kulikuwa na ukungu na mikaratusi tu.

Kesho yake nilipanda tena na Ombati. Kile kijia nilichokuwa nikikifuata kilikuwa kimeporomoka, chini ni mawe matupu. Kwenye matope ya njia aliyonishushia tuliona nyayo zangu tu na alama ya gurudumu moja, la nyuma. La mbele halikugusa chini mpaka pale kwenye mikaratusi.

Lakini yaliyonivunja yalikuwa yameshatokea jioni ile ile ya Jumapili, jikoni kwa Mama. Nilikaa karibu na moto nikitetemeka, nikamwambia, "Mama, nimekutana na baba huko juu. Amesema ufunge mlango."

Mama akaweka kikombe chini polepole. "Ulijuaje ni yeye?"

"Niliona uso yake. Iko na kovu hapa juu ya jicho."

Unajua alifanya nini? Alicheka. Alicheka kwa furaha, machozi yakamtoka.

"Basi huyo si yeye. Bwana yangu namjua. Huyo mtu hangeonyesha bibi ya mtoto wake uso, hata akiwa anakufa. Hiyo ni shetani ya mlima inakudanganya. Kunywa chai, mwanangu. Yeye bado yuko mahali."

Sentensi moja tu ingetosha: "Mama, hakunionyesha, nilimlazimisha." Ilikuwa mdomoni. Nikamtazama alivyong'aa, nikajiona nikimzunguka mume wake huku nacheka, nikaona haya, nikanywa chai. Mama akainuka, akakung'uta koti vumbi, akalirudisha msumarini.

Sasa ni miezi minane. Baiskeli iko stoo na gurudumu lake limepinda. Siipandi, ingawa miguu inaniwasha kila Jumapili, na usiku haitulii chini ya blanketi. Nalala nikisikiliza mlango wa Mama ukigonga, kisha kikohozi, kisha mlango tena. Siwezi kumtazama. Akinipa sahani natazama sahani. Akikohoa nageukia ukuta. Majirani wanasema yule mtoto wa Ogembo mwishowe ameingiwa na chinsoni, na Mama mwenyewe alinisifu kanisani mbele ya watu, kwamba nimekuwa mkaza mwana mwenye adabu.

Kwa hiyo wewe unayependa kupanda ukingo ule kwa miguu au kwa baiskeli, ukungu ukikukuta, ukamwona mtu amekupa mgongo, mwachie mgongo wake. Mfuate, utafika. Akikupa neno, lipeleke kama lilivyo. Usimzunguke kutafuta zaidi. Mimi nilimpita, na mlango bado uko wazi.