Spoki Thelathini na Mbili

Kila asubuhi, akishakoroga chai, Nduta hutoka nje na kijiko kikiwa bado kinadondosha matone, huinua baiskeli yake kwa kiti, na kugonga spoki za gurudumu la nyuma moja moja mpaka azimalize. Ting, ting, ting. Chumba changu kinatazamana na chake katika ploti moja hapa Munyaka, mjini Eldoret, kwa hiyo mlio huo ndio unaoniamsha. Spoki iliyokazwa hulia vizuri. Iliyolegea hutoa sauti butu, na Nduta akiisikia hiyo, chai itapoa.

Tabia hii aliianza mwaka jana alipotoka hospitali. Kwenye njia ya mashindano ya baiskeli za milimani, ule upande unaoteremka kuelekea Bonde la Kerio, kuna jiwe pana lililochomoza, na kutoka ukingoni mwake hadi chini ni kimo cha mtu mzima. Waendeshaji huliita Meza. Unaweza kulizunguka kwa kijia cha pembeni, au unaweza kuruka. Nduta aliruka. Alipotua, gurudumu la nyuma lilijikunja kama chapati, naye akavunjika mtulinga.

Gurudumu lile alikuwa amelichagua kwa mizani. Abdinasir, anayeuza vipuri vya baiskeli vilivyotumika karibu na soko, ametundika mlangoni mizani iliyokuwa ya kupimia mahindi. Katika mji wetu kila mtu ana ndugu au jirani anayekimbia, na mteja huuliza uzito kabla ya kuuliza bei. Kilicho chepesi ndicho kizuri. Hata Nduta, aliyekimbia shuleni, hakuwahi kufikiri vinginevyo.

Alhamisi, siku mbili kabla ya mashindano ya mwaka huu, aliniomba nimsindikize. Mshahara wake wa duka la dawa za mifugo ulikuwa umemruhusu kuweka akiba ya jozi moja tu ya magurudumu ya mashindano, tena yaliyotumika. Wanawake wawili wa kwanza wangeingia timu ya mkoa. Akikosea jozi hiyo, hakuna nyingine.

"Karibu, malkia wa Meza!" Abdinasir alimwita kutoka ndani. "Bega limepona ama tukuuzie la plastiki?"

"Limepona. Leo usinichekeshe, Abdinasir."

Alitundika jozi ya kwanza. Kaboni, nyeusi, inayong'aa, na mshale wa mizani haukusogea sana.

"Inua na kidole, siz. Kidole kimoja! Na hii ukipanda kilima, Awuor atakuona tu mgongo."

Hapo alimgusa penyewe. Awuor, mpinzani wake, muuguzi kutoka Kisumu, alikuwa hodari wa kupanda, na mashindano huanza kwa kilima kirefu. Jozi ya pili ilikuwa ya alumini, imekwaruzwa, na ilipotundikwa mshale ulishuka vibaya. Bei ilikuwa karibu sawa. Nduta aliinua ile nyepesi, akaishusha, akaiinua tena.

Nje ya duka huketi Mzee Kituyi, anayetengeneza black mamba, zile baiskeli nzito za wachuuzi wa maziwa. Nduta alimpelekea zote mbili.

"Wewe umekuja kuuliza ama umekuja nikukubalie?" mzee alimuuliza.

"Kuuliza, Mzee."

"Basi hesabu."

Nduta alihesabu kwa kidole. Ile ya kaboni ilikuwa na spoki ishirini na nne. Ya alumini, thelathini na mbili.

"Hii nyepesi, spoki zake hazina kichwa cha kupinda kama za kawaida. Ikikatika moja, Eldoret yote hupati ingine. Hii nzito, nakukatia kutoka kwa spoki ya mamba na unaenda. Na rimu ikigonga jiwe itabonyea, nitainyoosha na nyundo. Ile ingine itapasuka." Akamrudishia zote. "Lakini kupanda ni miguu yako, si yangu."

"Mzee, unaniharibia biashara!" Abdinasir akapiga kelele.

Nduta alisimama pale kwa muda mrefu kiasi kwamba mteja mwingine alianza kuulizia ile ya kaboni. Nduta akatoa pesa. Alichukua nzito.

Jumamosi nilisimama chini ya Meza pamoja na watazamaji wengine. Mwanamke wa kwanza alipita mapema, akaenda zake. Ilibaki nafasi moja. Kisha Awuor akatokea juu, na Nduta nyuma yake, mbali kuliko nilivyotarajia. Kilima kilikuwa kimemla. Awuor aliitazama Meza, akakata kwenye kijia cha pembeni.

Nduta hakukata. Nilimwona akiinuka kwenye kiti, baiskeli ikatoka ukingoni, na kwa muda hapakuwa na kitu chini yake. Alitua kwa kishindo hatua chache kutoka niliposimama. Nikasikia mlio ninaoujua, ila safari hii ulikuwa mmoja na mkali: ting! Gurudumu la nyuma likaanza kuyumba kushoto na kulia. Vidole vyake vilikuwa juu ya breki. Kulikuwa bado na mawe mengi mbele, na Awuor alikuwa anakaribia kutoka kwenye kijia.

Vidole viliachia breki. Alimpita Awuor palepale njia mbili zinapokutana, na akamaliza wa pili.

Jumapili asubuhi niliamshwa na kijiko. Ting, ting, ting, kisha kimya kidogo mahali pa spoki iliyokatika, kisha ting tena. Nilitoka na kikombe changu. Sikuwa nimemuuliza lolote tangu jana, na nilikuwa na swali moja tu.

"Uliposikia ule mlio, kwa nini hukushika breki?"

Hakuinua kichwa.

"Zilikuwa zimebaki thelathini na moja," alisema.