Zamu ya Kaka Kujenga

Watu wa Ndhiwa wakitaka mlango usiovimba msimu wa mvua, humtafuta Bravin Ouma. Kenchi za paa la kanisa la sokoni ni kazi yake. Nyumba ya mwalimu mkuu, nyumba ya yule mama wa duka la dawa, hata lile jumba la ghorofa la jamaa aliyeko ng'ambo, zote amepanda juu ya mapaa yake na nyundo mkononi na misumari mdomoni. Sasa muulize yeye mwenyewe mpaka mwaka jana alikuwa analala wapi. Kwenye simba, kile kibanda ambacho kijana wa Kijaluo hujenga karibu na lango la baba yake akianza kuota ndevu. Bravin ana miaka arobaini na sita, ana mke na watoto wanne, na alikuwa bado yuko simba.

Si kwamba alikuwa hana uwezo. Shamba alikuwa nalo, upande wa pili wa kijito, jirani na la kaka yake, aligawiwa na marehemu baba. Matofali alikuwa ameyafyatua na kuyachoma mwenyewe. Kilichomfunga miguu ni kwamba kaka yake mkubwa, Austine, hakuwa amejenga, na kwa Wajaluo mdogo hamruki mkubwa. Mkubwa hutoka kwanza kwa baba, akafungua boma lake, yaani dala, ndipo mdogo akafuata. Ukimruka unaita chira, na hiyo laana haichagui. Itamshika mtoto, itashika ng'ombe, itakushika wewe mwenyewe ukonde mpaka suruali ikukatae. Pasta anasema hayo ni mambo ya giza. Haya, sawa. Lakini pasta huyo huyo alingoja kaka yake ajenge kwanza. Bravin anajua, kwa sababu ndiye aliyewatengenezea milango wote wawili.

Kwa miaka mingi Bravin alivumilia. Ila mtoto wake wa kwanza, Elvis, alimaliza shule, akawa mwanamume. Kijana wa umri huo halali chini ya paa moja na wazazi, na hawezi kujenga simba kwenye boma la babu wakati baba yake mwenyewe hana boma. Kwa hiyo Elvis alikuwa analala huku na kule, leo jikoni kwa bibi yake, kesho kwa rafiki. Siku moja akaja na msichana, na yule msichana alikuwa na mimba inayoonekana.

Linet, mke wa Bravin, si mtu wa kupiga kelele. Aliandaa ugali, akawapa wageni, akangoja waondoke.

"Baba Elvis," akasema, "mjukuu wangu atazaliwa jikoni kwa watu?"

"Nitampigia Austine."

"Umempigia tangu Elvis akiwa darasa la tatu. Nenda umwone uso kwa uso."

Austine alikuwa anaishi Isebania, mpakani, amepanga vyumba viwili na mke wake Joyline tangu waoane. Kazi yake ni kubadilisha pesa. Anasimama karibu na mahali malori yanapopanga foleni kuvuka kwenda Sirare, shilingi za Kenya mkono huu na za Tanzania mkono ule, na hesabu zote ziko kichwani. Kijijini watu walikuwa wameshapata sababu ya yeye kutojenga. Sababu ni mke. Joyline anauza mitumba, kucha zake zina rangi, na huku nyumbani alikuwa haonekani ila kwenye matanga. Ati mwanamke wa mjini amemkalia mume, hataki kusikia habari za kuchota maji mtoni. Bravin naye aliamini hivyo. Tena aliamini kwa nguvu, kwa sababu ni rahisi kumkasirikia shemeji kuliko kumkasirikia ndugu uliyenyonya naye ziwa moja.

Alimkuta kaka yake kazini. Austine alimkumbatia kwa furaha ya kweli, akampeleka kwenye hoteli ya mabati, akaagiza chai na chapati. Bravin alipotaja nyumba tu, Austine akacheka.

"Omera, ndugu yangu, wewe ni fundi. Niambie ukweli. Mabati yamepanda?"

"Yamepanda."

"Simiti? Mbao?"

"Zote."

"Nikijenga huko Ndhiwa nyumba ya maana, hela yangu yote ya maisha imeingia ardhini. Nitampangisha nani? Hakuna. Nitamuuzia nani nyumba iliyo katikati ya makaburi ya ukoo? Hakuna. Benki nayo haitaki hata kuiona. Lakini hapa nalipa kodi, paa likivuja landilodi anapanda mwenyewe. Lile jumba la ghorofa ulilolijenga, nani analala humo?"

Bravin alitamani kusema uwongo akashindwa. "Popo," akajibu.

"Unaona sasa! Popo wanaishi kwenye marumaru, na mwenyewe amepanga chumba Ulaya." Austine akagonga meza. "Nyumba ni ya kulala, Bravin. Mimi nalala vizuri."

Na kwa kweli ukimsikiliza huwezi kumpinga. Bravin alikuwa amewaona wengi waliouza ng'ombe na ploti ili wasimamishe kuta ambazo sasa zinaota nyasi juu. Alikuwa amewafanyia kazi na kupokea malipo yao huku moyoni akiwahurumia. Kwa hesabu, kaka yake alikuwa sawa. Bravin alikoroga chai yake mpaka ikapoa.

"Sikuombi ujenge nyumba," akasema mwishowe. "Naomba unipishe. Kibanda cha mabati, cha siku moja. Mbao nitatoa mimi, kazi nitafanya mimi. Wewe njoo tu na mke wako na mtoto wako wa kwanza, ufungue dala, nami nipite. Mwana wa mama, nimezeeka nikiwa kwenye simba. Mwanangu analala jikoni. Naona aibu."

Alipotamka neno hilo akageukia ukuta kama mtu anayesoma kalenda. Austine akaacha kucheka.

"Kumbe ni hivyo," akasema. "Basi nitakuja. Lakini ni cha siku moja kweli, sio unianzishie mambo."

Alikuja, tena siku aliyoahidi. Kulipopambazuka walitoka kwenye boma la mama yao, Mama Phelesia, jinsi inavyotakiwa. Mbele alitangulia baba yao mdogo, Mzee Maranga, kwa kuwa baba hayuko. Akafuata Austine amebeba jogoo kwapani, amevaa shati jeupe asilotaka lichafuke. Mwanawe alibeba shoka. Nyuma yao Joyline alibeba makaa ya moto ndani ya kigae cha chungu, ameyatoa jikoni kwa mama mkwe, na hakusema neno njia nzima. Bravin alimtupia jicho akajisemea kwamba mama huyu anahesabu saa za kurudi mjini.

Mzee Maranga alionyesha mahali, Austine akachimba shimo la kwanza, mwanawe akakata nguzo ya kwanza. Baada ya hapo kazi ikawa ya Bravin na majirani. Mpaka jua linaanza kuteremka kibanda kilikuwa kimesimama: chumba kimoja, mabati juu, mabati ubavuni, mlango wa mbao unaofungika sawasawa. Hata kwa kibanda cha kupitia tu, Bravin alishindwa kutengeneza mlango mbaya. Wanawake walikuwa wamepika, watu wakala. Austine akamshika mkono kila mmoja, akatazama saa, akatoa funguo za gari alilokuwa ameazima.

"Haya jamani, tumeshukuru. Kesho asubuhi lazima niwe mpakani. Joyline, twende."

Mzee Maranga akaweka chini kikombe chake.

"Mnaenda wapi?"

"Isebania, baba."

"Na hapa analala nani?"

"Baba, tumemaliza. Nguzo nimesimamisha, jogoo yupo, nyumba ile pale."

"Ile ni stoo," mzee akasema. "Itakuwa nyumba wewe na mke wako mkilala ndani yake usiku huu. Mkiondoka hamjafungua kitu, na mdogo wako hajapita popote."

Mungu wangu! Mtu aliyezaliwa hapa, akakulia hapa, akatahiniwa hapa mpaka darasa la nane, anasahau jambo ambalo kila mtoto wa Kijaluo analijua! Alikuwa amekaa sana kwenye nyumba za watu, akadhani nyumba ni mabati. Bravin alimwona Linet kando ya sufuria, ameziba mdomo kwa leso. Siku nzima ya jasho, mbao zake mwenyewe, na sasa kila kitu kilikuwa kinaondoka na lile gari.

"Kaka," akasema, "usiku mmoja tu."

"Bravin, tulikubaliana. Kuna mteja wangu wa ng'ombe anavuka alfajiri, nikimkosa nimepoteza hela ya wiki. Tutarudi Jumamosi tulale. Kuna tofauti gani?" Akageuka. "Joyline! Twende, mama."

Joyline alikuwa mlangoni pa kibanda. Alivua viatu, akavipanga pembeni, akaketi kwenye udongo mbichi na gauni lake zuri.

"Mimi siendi," akasema.

"Nini?"

"Siendi, Austine. Unamkumbuka Mama Scovia, jirani yetu wa mlango wa pili?"

"Marehemu? Ninamkumbuka. Hata mchango nilitoa."

"Ulitoa. Lakini mochari mimi ndiye niliyekwenda. Alilala huko mpaka watu wakachoka kuuliza, kwa sababu mume wake hakuwa na nyumba kwao. Mke huzikwa mbele ya mlango wa nyumba yake, na yeye mlango hakuwa nao. Wakasimamisha mabati asubuhi, wakamzika mchana, jioni wakayang'oa wakayauza. Mimi niliona. Nilirudi nyumbani nikakuambia tujenge, ukanifanyia hesabu." Alikuwa hapigi kelele, ila machozi yalikuwa yanamtoka bila yeye kuyafuta. "Kila mwaka nakuambia, kila mwaka unanifanyia hesabu. Na ni hesabu nzuri, siwezi kuzibishia. Lakini mimi umeniweka wapi kwenye hizo hesabu? Leo nikianguka pale sokoni, utanipeleka kwa landilodi?"

Mama Phelesia, ambaye kwa mila hawezi kuingia nyumba mpya ya mwanawe hivi hivi, alisimama mbali akalia kwa sauti. Bravin hakujua aweke macho yake wapi. Miaka yote hiyo alikuwa amemlaani mwanamke huyu kimoyomoyo, akimsengenya na Linet kila simu ya Austine ilipokatika, kumbe naye alikuwa anapiga magoti mbele ya mlango ule ule uliofungwa. Aliona aibu kubwa kuliko ile ya simba.

Austine alisimama na funguo mkononi. Alitazama gari, akamtazama mdogo wake, akamtazama mke wake pale chini. Kisha akatoa simu akampigia yule mtu wa ng'ombe, akamwambia amtafute mwingine kesho.

"Washa moto," akamwambia Joyline, naye akainuka akaenda kuchochea yale makaa.

Wakalala hapo. Asubuhi, umande haujakauka, Bravin alivuka kijito kwenda kuwasalimia kabla hajamwendea Mzee Maranga kuomba siku yake mwenyewe. Gari halikuwepo. Austine alikuwa ameshaondoka, peke yake. Joyline alikuwa nje na fagio la miti, leso kiunoni, miguu mitupu, anafagia uwanja.

"Umebaki, shemeji?"

"Nimebaki. Mitumba nitauza soko la hapa. Yeye atakuja wikendi, akipenda." Alifagia kidogo, akasimama. "Shemeji, samahani. Mimi nilikulia mjini, sijui sana. Mke wa nyumba huwekwa upande gani wa mlango?"

Bravin alielewa kinachoulizwa. Akasimama kizingitini, mgongo kwa nyumba, akamwonyesha kwa kidole upande wa kushoto, hatua chache kutoka ukutani, pale mafundi walipokuwa wamemwaga vipande vya mbao na misumari iliyopinda.

Joyline alipatazama kwa muda. Halafu akainama, akaanza kuokota misumari, mmoja mmoja, akiitia kwenye leso.

"Basi hapa nisipande kitu," akasema.