Nyumba ya Shangazi Yenye Milango Miwili

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alifiwa na mume akiwa bado kijana. Hakurudi kwa wazazi. Alikaa palepale mjini Baraka, kando ya ziwa, akinunua ndakala, wale dagaa wadogo, kwa wavuvi, anawaanika mchangani, kisha anawapandisha mlimani Fizi kuwauza. Miaka ile ya hamsini ilipoanza, nikiwa na umri wa kama miaka saba, alianza kukusanya matofali ya kuchoma.

Watu walidhani anajenga nyumba ya kukaa peke yake. Kuta zilipofika kiunoni wakaona milango miwili mbele, na ukuta mmoja mnene ukipita katikati.

"Yaya, sasa hii iko nyumba ngapi?" baba akamuuliza dada yake.

"Mbili. Lakini ukuta wa katikati ninajenga mara moja tu. Wewe na batoto mutakaa huku, kule nitaweka mupangaji. Mi nikizeeka, ule mulango utanilisha."

Wanaume walicheka. Walisema mjane amejenga nyumba yenye midomo miwili. Yeye aliendelea kupanga matofali yake.

Tulihamia mwanzo wa mvua. Upande wa pili waliingia fundi cherehani na mke wake, Waislamu waliotoka ng'ambo ya ziwa. Hawakuwa na mtoto. Sisi tulikuwa watu wa misheni, na mama aliogopa kidogo kwamba hatutaelewana. Lakini ukuta ule haukufika juu. Matofali yalikuwa yameisha, na kati yake na mabati pakabaki nafasi ya mikono miwili. Kwa hiyo harufu ya wali wao ilikuja kwetu, na moshi wa samaki wetu ukaenda kwao, na cherehani ikanguruma mchana kutwa kama mdudu mkubwa mwenye furaha.

Mwaka ule nilishikwa na homa ndefu. Mama akinipa dawa chungu ya kinini na kwenda shambani, nilibaki kwenye mkeka, mgongo ukiegemea ukuta kwa sababu ulikuwa baridi. Nje ya mlango kulikuwa na beseni la maji. Jua lilipoyagusa, mwanga ulipanda kwenye mabati ukacheza huko juu, ukikunjuka na kukunjamana.

"We mutoto, unalala?" Sauti ya mke wa fundi ilishuka kutoka juu ya ukuta.

"Hapana, mama. Niko naangalia maji."

"Maji gani?"

"Iko kwa mabati. Inatembea."

Nikamsikia akisogea. Kisha akasema taratibu, "Kweli. Hata huku imefika."

Tuliangalia wote wawili, kila mtu upande wake. Alinieleza juu ya mji wa mama yake, jinsi siku za hewa safi milima yetu ilivyoonekana kutoka kule kama wingu lililolala. Sikujua tena kama nilikuwa macho. Nilihisi nyumba inaelea polepole, na sisi ndani yake, tukienda mahali ambapo hakuna aliyekuwa na haraka.

Nilipopona, akaja mfanyabiashara mmoja wa Fizi. Alitaka kununua nyumba nzima, avunje ukuta, afanye duka kubwa. Mama alikaa mlangoni. Upande wa pili cherehani ilisimama, nikajua wanasikiliza.

"Mama, ukuta huu unakula nafasi," yule bwana akamwambia shangazi. "Bila huu, iko nyumba ya maana."

Kabla shangazi hajajibu, sauti ikashuka kutoka juu: "We mutoto, umekula?"

"Bado, mama!" nikajibu bila kufikiri.

Yule bwana akainua macho kwenye mabati, akacheka mpaka akafuta machozi. Shangazi naye akacheka.

"Umesikia mwenyewe," akasema. "Ukivunja, bale batapikia nani? Nenda ujenge yako. Nitakuonyesha fundi wa matofali."

Akaenda kweli. Kiangazi kilichofuata alijenga nyumba ya namna ileile kando ya barabara ya Fizi, akakaa upande mmoja na kupangisha wa pili. Wengine wakamfuata. Shangazi mwenyewe alijenga nyingine kijijini Lweba, na hakuna aliyecheka tena.

Mke wa fundi alipata mimba wakati hakuna aliyetegemea tena. Alijifungua asubuhi moja ya mvua, mama yangu akiwa mkunga. Nilikuwa upande wetu, nimeweka sikio kwenye tofali, nikasikia kilio chembamba, halafu fundi akisema maneno ya sala, halafu mama akisema, "Iko muvulana."

Alipoanza kutambaa alitoka kwenye mlango wao, akazunguka kizingiti, akaingia kwetu, akalala palipo kivuli. Mama alimfunika kitambaa na kuendelea kukata sombe, majani ya muhogo ya jioni. Upande wa pili cherehani iliendelea kunguruma; hakuna aliyekuja kumtafuta.