Siku Mzee Wangu Alipodaiwa Leseni

Siku hizi nikitaka hata kiberiti napita uchochoro wa nyuma, kwa wafuga kuku, nakanyaga matope, kwa sababu nikipita barabara kubwa wale vijana wa bodaboda wananiuliza, kwa neno lao la kumwita mzee yeyote, "Jjajja, dereva wako hajambo?" halafu wanacheka mpaka wanashikilia pikipiki zao zisianguke. Na mimi si bibi wa kuchekwa. Hapa Kibuli nimechapa watoto wa watu na mama zao wakaja kunishukuru. Lakini hilo wanalolicheka ni kweli, lilitokea, na mimi ndiye niliyelileta nyumbani kwa mikono yangu, kwa hiyo bora mlisikie kwangu kuliko kwenye simu zao, maana huko kwenye simu wameliongezea na muziki.

Mume wangu, mzee Ramadhani, alikuwa dereva wa malori ya jeshi, na alipotoka jeshini akaendesha malori ya wafanyabiashara wa Kikuubo mpaka alipozeeka. Kisha maradhi ya kupooza yakamshika upande wa kushoto, mkono na mguu vikafa, na maneno nayo yakawa yanatoka moja moja, unamsubiri. Mtu ambaye hajakosa Ijumaa tangu nimjue akawa anasikiliza hotuba kwenye spika akiwa kitandani, na msikiti uko pale juu mlimani, ukisimama mlangoni kwetu unauona. Kwenye boda hawezi kukaa. Siku moja nikamwita dereva wa gari ya kukodi, na yule dereva kabla mzee hajaketi akatandika nailoni kwenye kiti (alidhani hatutaona). Mzee akaitazama ile nailoni, akanitazama mimi, akasema, "Nirudishe." Hakutoka tena.

Mimi nikasema moyoni, mtu huyu atapanda mlima huu ndani ya gari yake mwenyewe, nikamwambia hivyo, na yeye akaniitikia kwa kichwa. Nikauza bangili za mama yangu na kile kiwanja cha Bombo. Sisi Wanubi mpaka hautusumbui, ndugu zetu wako Arua, wako Juba, wako Kibera, ukitaka kitu unamtafuta wa damu yako, nami nikampigia Rajabu, mtoto wa kaka yangu, anayefanya biashara Juba. Akaniambia, "Shangazi, huku kuna gari ya Mwarabu mmoja anahama, safi, bei ya kuokota." Nikamwambia ailete mpakani niione.

Sasa hapa ndipo pa kunilaumu. Mwanangu Abdu ni makanika, ana banda lake Katwe, kazi yake tangu asubuhi mpaka jioni ni magari, na ningempigia simu moja tu yasingekuwepo haya. Sikumpigia. Niliogopa macho ya watu, maana kitu kipya kikitangazwa kabla hakijaombewa dua kinaliwa na hasadi, na (tuseme yote) niliujua mdomo wake, angesema, "Mama, ngoja nikaikague kwanza," na mimi nimekagua mbuzi, viwanja na wakwe, gari ni nini?

Nikapanda basi mpaka mpakani, nikavuka, nikaikagua. Nilifungua milango nikaifunga, ikalia vizuri. Nilinusa viti. Nikaketi nyuma, ninapoketi siku zote kwenye gari za watu, nikajirusharusha, nikaona laini. Mbele sikukaa, mbele kuna kazi gani kwangu? Na magari yote niliyoyaona upande ule yalikaa hivyo hivyo, basi kitu cha kunishtua kilikuwa wapi? Rajabu akaifikisha mpaka nyumbani jioni, akaniambia, "Shangazi, imeingia kwa ruhusa ya muda mfupi tu, uwahi kwa watu wa ushuru uzungumze nao." Nikamwambia nimesikia. Akaiegesha nyuma ya nyumba, nikaifunika kwa turubai mpaka chini, nikaweka mawe pembeni, yeye akarudi kwao.

Sikuwahi popote. Nilikuwa nangoja Ijumaa ya kwanza ya mwezi wa Maulidi, ili itoke na baraka. Abdu alikuja kutusalimu akaona turubai.

"Mama, hii gari ya nani?"

"Ya mtu. Usifunue."

Na hakufunua. Nimemlea hivyo, nikisema usiguse hagusi hata kwa ukucha. Siku ile nilijisifu kwa malezi yangu.

Ijumaa ikafika. Wanawake wa kwetu wakaja wamejifunga gurbaba zao za rangi, mzee nikamwogesha, nikamvika kanzu nyeupe na kofia yake ya zamani, vijana wakamtoa nje kwenye kiti cha plastiki. Dereva nilimwomba jirani yangu Otieno, Mkenya, Mkristo lakini mtu wa adabu, aliyekuwa akipeleka malori Kongo kabla hajafungua duka la vyuma. Turubai likavutwa, vigelegele vikapanda, halafu vikakatika katikati, kwa sababu Otieno ameingiza kichwa dirishani na hakitoi.

"Mama Abdu, hii gari umetoa wapi?"

"Kwenye pesa yangu. Kwa nini?"

"Stelingi iko kushoto."

"Kushoto kuna ubaya gani?"

"Hakuna ubaya, huko Kongo. Hapa Kampala sijaona."

"Wewe si uliendesha huko Kongo?"

"Niliendesha."

"Basi leo Kongo imekuja Kibuli. Ingia."

Wanawake wakacheka, wakasema Zainabu hashindwi, na mimi nikavimba kichwa. Ningekomea pale. Lakini mzee ameshavaa, amenitazama, watu wamejaa uani, na mimi ndiye niliyewaita.

Ule mto niliomwandalia kwenye kiti cha kushoto nikauhamishia kulia, tukamketisha. Mzee akatazama mbele, akanyoosha mkono wake mzima wa kulia, akapapasa pale palipotakiwa kuwa na usukani, hakuna kitu. Akacheka. Wallahi alicheka, mara ya kwanza tangu augue.

"Zainabu," akasema, nasi tukangoja. "Usukani... umeuuza... na bangili?"

Nikafurahi mpaka machozi yakanitoka. Nikawasha udi kwenye chetezo, nikakiweka chini ya kiti cha Otieno kufukuza macho mabaya, nikaketi nyuma, tukaondoka.

Mnaijua barabara ile siku ya Ijumaa, kanzu nyeupe kila mahali, boda zinapanda, boda zinashuka. Moshi wa udi nao ukakolea (nilitia mwingi), ukajaa upande wa Otieno, akawa anakohoa na kupangusa kioo kwa mkono wa shati. Mbele yetu kukawa na pikapu ya matoke inatambaa. Otieno kutoka kushoto haoni mbele ya ile pikapu hata kidogo, akauliza, "Mzee, kuko wazi nipite?" Mzee akachungulia, kukawa wazi, akaanza kulitafuta neno. Tukalisubiri. Neno "pita" lilipotoka nafasi ilikuwa imeshafungwa, na Otieno ameshakanyaga mafuta.

Tukatokeza usoni kwa boda zinazoshuka. Sasa fikirini wao wanaona nini. Wanaona gari inapanda mlima upande usio wake, mahali pa dereva ameketi mzee mdomo umepinda, mkono mmoja umenyooka hewani, usukani hana, na pembeni yake moshi mtupu.

"Banange! Jjajja anaendesha bila usukani!"

"Na gari inaungua! Kimbia!"

Waliziacha pikipiki zikaanguka zenyewe. Watu wazima waliotawadha wakaruka mtaroni na kanzu zao. Otieno akafunga breki, tukasimama hatua chache tu kabla ya geti la msikiti, ningeweza kurusha kokoto ikagonga lile geti.

Akaja trafiki, mwanamume mrefu, na miguu yake ikampeleka dirisha la kulia kama ilivyozoea.

"Wewe mzee, leta pamiti yako ya kuendesha."

Mzee akamtazama. Midomo inacheza, anatafuta neno.

"Mzee, mimi nasema na wewe!"

"Afande, huyo si dereva," nikasema kutoka nyuma.

"Nyabo, nyamaza. Yeye amekaa wapi?"

"Amekaa kwa dereva, lakini..."

"Basi yeye ni dereva."

Otieno akakohoa ndani ya moshi. "Afande, dereva ni mimi."

Trafiki akainama, akaangalia kushoto, akazunguka gari yote, akarudi. "Na wewe umemnyang'anya mzee usukani?" Watu wakaangua kicheko, na wakati huo ndipo neno la mzee likatoka.

"Leseni... iko nyumbani. Ya jeshi."

Kicheko kikaisha. Trafiki akavua kofia, akasema, "Pole, mzee wangu," nami nikadhani tumeokoka. Lakini katika kuzunguka alikuwa ameshaziona namba za Sudan Kusini. Akaomba karatasi. Nikampa ile ya mpakani, akaisoma, akatikisa kichwa. Ruhusa ilikwisha zamani, gari ikiwa imelala chini ya turubai inangoja baraka. Nikamwambia ni Ijumaa, atuache tufike tu hapo juu tushuke. Akasema gari hii haiendi mbele hata hatua, wenye ushuru wanaitaka, na brekdauni ya kuivuta iko njiani.

Adhana ikatoka. Otieno na wanaume wengine wakafungua mlango, wakamwambia mzee, "Twende tukubebe, ni hapo tu." Mzee akaushika ule mshikio wa juu ya mlango kwa mkono wake wa kulia, na mkono ule ulishika malori maisha yake yote, hakuna aliyeweza kuubandua.

"Nitafika... kwa gari."

Nikamwambia, "Ramadhani, shuka, watu wanatazama."

"Uliniambia... kwa gari."

Wanaume wakawahi swala, nami nikamwacha nikaenda na Otieno kubishana na afande, nikisema maneno ambayo bibi wa umri wangu hayasemi, na brekdauni ikaja nyuma yangu, na yule wa kuvuta, kwa ule moshi, hakuona kama kuna mtu ndani. Akafunga mnyororo, akanyanyua. Nikageuka kwa kelele za watu. Gari imeinua pua, mzee wangu amelala chali ndani yake anatazama mbingu, kofia imemwanguka nje kupitia dirishani, mkono bado umeshika, na msikiti wote ndio unatoka, swala imekwisha, wamesimama getini na simu zao juu. Mimi barabarani nimeshika kofia. Hicho ndicho wanachokitazama mpaka leo.

Abdu alifika na boda kutoka Katwe, mikono ina oili. Gari ilikuwa imeshateremshwa. Akafungua mlango, akautazama usukani, kisha akanitazama mimi.

"Mama. Hii si ile gari ya mtu?"

Nikaipangusa vumbi kofia ya mzee.

"Uliniambia nisifunue."

"Nilikuambia."

"Usukani wa kushoto haupati namba hapa kwetu. Hata ukilipa ushuru wote, Mama. Mtoto anayenishikia spana anajua."

Hakupaza sauti. Angepaza ningepata pa kumjibia. Akainama akamnong'oneza baba yake kitu, sikijui mpaka leo, na mzee akauachia mshikio. Abdu akambeba mgongoni, akageuka nyumbani, kushuka, kwa sababu huko juu kulikuwa hakuna tena cha kuwahi. Nilitembea nyuma yao na mto na chetezo. Udi ulikuwa bado unafuka.

Gari iko kwenye uwanja wa watu wa ushuru, imepangwa na nyingine. Abdu alikwenda mara kadhaa, akirudi anakunywa chai yake, anaondoka kazini. Kurudi Juba haiwezi bila kugombolewa, kukaa hapa haiwezi kabisa, bangili hakuna, kiwanja hakuna. Nimeapa, na naapa tena mbele yenu, sitaficha kitu mbele ya mtoto niliyemzaa eti nakikinga na macho ya watu. Macho ya watu hayakuifanya kitu gari yangu. Ya Abdu ndiyo yangeiokoa, na hayo ndiyo niliyoyazuia.

Lakini si kicheko kinachonimaliza. Kila Ijumaa mzee anaomba maji, anaoga, namvika kanzu, anataka kuketi dirishani. Abdu huja na gari ya rafiki yake, safi, usukani kulia, nailoni hakuna. Mzee anaitazama, anatikisa kichwa.

"Nangoja... ya Zainabu."

Sijui kama ananiadhibu au kama bado anaamini. Naogopa kumuuliza. Abdu anaondoka kuwahi swala, mimi namfunga mzee vifungo vya kanzu, naketi karibu naye, tunasikiliza hotuba kwenye spika, na mkono wake wa kulia ameunyoosha mbele, ameshika kitu ambacho hakipo.